Barua Niliyoisoma kwa Sauti

Nyumba ya shangazi yangu Zaituni, kule Mlandege, ilinukia iliki na moshi wa mkaa. Mwaka niliotimiza miaka kumi na miwili, baridi ya Iringa ilikuwa kali, na kila alasiri baada ya swala wanawake wa mtaani walijazana jikoni kwake kuota moto na kumsikiliza akisoma riwaya moja kuukuu, iliyotafsiriwa zamani. Mwandishi wake alikuwa na ulimi mkali kuhusu mapenzi, ushujaa na tabia za binadamu. Kurasa za mwanzo zilikuwa zimenyofoka, hata jina lake hatukulijua. Tulicheka mpaka machozi. Mimi nilizikariri sentensi zake, kisha nikaanza kutunga zangu, na kila waliponisifu kichwa kilizidi kuvimba.

Wakati huo bwana mmoja wa Ilula, Saidi, alikuwa akimletea shangazi nyanya za kuuza gengeni. Alikuwa mpole, mwenye kigugumizi. Asubuhi moja alinikabidhi bahasha. "M-mpe shangazi yako, mwanangu. Asome mwenyewe."

Sikumpa. Niliifungua. Aliandika kwamba anampenda, kwamba maneno hayo ameyabeba miaka miwili, na kwamba kwenye karatasi ulimi wake haukwami. Alasiri ile, shangazi alipoweka kitabu chini, nilisimama nikaisoma barua mbele ya wote, nikiigiza kigugumizi chake, na mwisho nikaongeza langu: kwamba hadi bwana huyu amalize kusema "nakupenda", bibi harusi atakuwa ameshazeeka. Wanawake wakaangua kicheko. Shangazi naye akacheka kidogo, kwa kuogopa kuonekana hacheki. Ndipo nikamwona Saidi mlangoni, tenga la nyanya begani. Alilitua taratibu.

"Samahanini," alisema, akaondoka. Neno lile halikumkwama.

Wageni walipotawanyika, shangazi aliiokota barua, akaisoma kimya.

"Yule mwandishi huwacheka wenye majivuno," alisema. "Wewe umemcheka mtu aliyejikaza. Na mimi nikakusaidia." Akaikunja. "Nilikuwa naisubiri, mwanangu."

Aliniagiza nimwandikie Saidi kumwomba radhi. Niliitikia, lakini sikuandika. Nyanya zikaanza kuletwa na mtu mwingine, na shangazi hakuolewa.

Siku hizi nafundisha fasihi Mbeya, na wanafunzi husema nazielewa tabia za watu. Shangazi naishi naye hapa Mwanjelwa. Juzi binti yangu alituonyesha ujumbe wa mapenzi ambao kijana mmoja amemwandikia kwenye simu, akauliza kama awatumie wenzake wacheke. Nilimkataza kwa ukali. Akataka kujua sababu. Shangazi alikuwa pembeni yetu akichambua mchele. Vidole vyake vilisimama. Nafasi ilikuwa mbele yangu, na mwenye haki ya kuombwa radhi alikuwa anasikiliza. Nikamwambia binti yangu kwamba si adabu, basi. Vidole vya shangazi vikaendelea na mchele.