Unga Mweupe Kwenye Majani ya Bwana Walter

Mwanangu, kuna asubuhi moja ya hapa Columbus ambayo kila nikiikumbuka, hata nikiwa peke yangu jikoni, nainamisha uso. Nakusimulia kwa sababu nawe umeanza kazi ya kutunza wagonjwa, na ni afadhali uyasikie haya kwangu.

Si zamani sana. Mvi nilikuwa nazo tayari, lakini katika kazi ile nilikuwa mchanga kama wewe. Mgongo ulikuwa umenishinda kule ghalani nilikokuwa nabeba mizigo, nikapata kazi ya kumhudumia mzee mmoja wa mtaa wa Clintonville, Bwana Walter. Mifupa ilimtesa, ngazi hapandi tena, na macho yake yalibaki kuona vivuli tu. Chumba cha juu, chini ya taa, alikuwa na mimea yake michache ya bangi. Sheria ya jimbo letu la Ohio inamruhusu mtu mzima kuilima nyumbani. Maua yake ndiyo yaliyomtuliza maumivu akapata usingizi.

Mimi bangi niliichukia. Kule kambi ya wakimbizi Kigoma tulikoishi miaka mingi, ilimharibu kaka yangu tukimtazama, na mama alimlilia mpaka akakauka machozi. Lakini kazi nilikuwa naihitaji, nikanyamaza.

Mzee hakuniomba mengi. Nimwagilie maji, kisha nishuke nimwambie nilichokiona. Alinifundisha kwa upole sana. Majani ya chini yakigeuka manjano, mmea una njaa. Ncha zikiungua, umelishwa mbolea kupita kiasi. Geuza jani utazame mgongo wake. Ukiona vidoadoa na utando mwembamba, hao ni utitiri. Kila asubuhi aliniuliza, "Goreti, majani yakoje leo?"

Mwanzoni nilimweleza vizuri. Kisha siku moja nikaona madoa meupe, kama mtu amenyunyiza unga wa ngano. Ulikuwa ukungu. Nilijua ni ugonjwa, mwanangu. Nimelima maharage tangu utotoni, siwezi kusema sikujua. Lakini moyoni nikasema, Mungu mwenyewe ameulaani mmea huu, mimi ni nani niuokoe? Nikashuka.

"Majani yakoje?"

"Mazuri, Bwana Walter."

Nikamjibu hivyo kesho yake, na kesho yake tena, huku nikimfunga vifungo vya shati.

Mimea ilipokaribia kuvunwa, binti yake Karen alikuja kutoka Buffalo kumtembelea babake. Alipanda juu, akakaa kidogo, akashuka ameziba pua na mdomo. "Baba, yote imeoza kwa ukungu. Hata maua. Hii ukiivuta itakuumiza mapafu."

Mzee akageuza uso upande wangu, akinitafuta. "Goreti, ulikuwa unaona?"

Nilitamani kusema hapana. Nikasema, "Nilikuwa naona. Sikupenda mmea ule uishi."

Akasema, bila kupandisha sauti, "Mimi nilikuomba macho yako tu. Imani yako sikuigusa. Kama hukutaka kunisaidia, ungeniambia, nikatafuta mtu mwingine."

Karen alibeba mimea yote nje katika mifuko ya taka, na mimi nilimshikia mlango.

Hakunifukuza, na hiyo ndiyo iliyoniumiza zaidi. Alirudi kwenye vidonge vya maumivu vilivyomtapisha. Kila nilipomwinua kumwogesha alilalamika chini kwa chini, halafu akaniomba radhi kwa kunipigia kelele. Yeye ndiye aliyeniomba radhi mimi! Nililia bafuni, bomba likiwa wazi asinisikie.

Baadaye alinielekeza nikapanda mimea mingine. Safari hii niliposema kuna doa jeupe, aliniagiza nikate jani lile, niisogeze mimea isigusane, niwashe feni hewa izunguke. Doa halikuenea. Basi ilikuwa kazi ndogo hivyo! Lakini kabla haijatoa maua hali yake ilizidi kuwa mbaya, Karen akamchukua Buffalo, na miezi michache baadaye nikasikia amefariki. Kabla hajaondoka nilikuwa nimemwomba msamaha. Alinipapasa mkono tu, hakusema neno, na mpaka leo sijui maana ya mkono ule.

Kwa hiyo, mwanangu, nisikilize. Kazi ikipingana na imani yako, sema mapema, kwa adabu, uondoke ukiwa msafi. Lakini ukishakubali kuwa macho ya mtu, mwambie unachokiona, kizuri na kibaya, siku ileile, wakati ugonjwa bado ni doa moja. Usimhukumu mgonjwa kimoyomoyo, halafu ukaiita hukumu yako mapenzi ya Mungu. Mimi nilifanya hivyo, na aliyelipa kwa maumivu ni mzee asiye na kosa.

Mungu akupe ulimi wa kweli na mikono yenye huruma. Wote utakaowahudumia walale salama kwa sababu wewe upo. Nenda, mwanangu, na amani ya Bwana iende nawe.