Maneno ya Bibi wa Ghorofa ya Tatu

Juzi nilikuwa nasubiri robot, taa ya barabarani, iwe kijani pale mjini, nikagundua nimesimama mbele ya jengo tulilokaa nikiwa na miaka kumi. Madirisha yamezibwa kwa matofali. Sijui kama nakumbuka vizuri, na shule sikufika mbali, kwa hiyo nitakueleza niliyoyaona tu.

Ilikuwa mwaka 2016. Mama alishonea nguo chumbani kwetu, ghorofa ya pili. Cherehani ililia tangu asubuhi, na harufu ya sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo, ilipanda ngazi hadi juu kwa bibi mmoja mzungu, mjane, fundi nguo wa zamani, aliyekuja Johannesburg akiwa msichana kutoka nchi iitwayo Slovenia. Mama alinituma kwake na mashati ya kutiwa vifungo.

Kiingereza cha shule kilikuwa kinanishinda, bibi akasema atanisaidia. Alishika kitu, akakitaja kwa Kiingereza, halafu akashindwa kujizuia, akakitaja na kwa lugha ya kwao. Button, gumb. Window, okno. Water, voda. Bread, kruh. Niliandika yote daftarini, upande huu na upande huu. Chumvi kwao ni sol, nami nikashangaa, maana Mama kwa Kifaransa husema sel. Nilijiuliza chumvi ilitembea na nani hata ikafika kote huko.

Siku moja, kabla hatujagusa supu, akasema dober tek, maneno ya kwao ya kumtakia mtu mlo mwema. Nikamwomba Kiingereza chake. Akafikiri sana.

"Hakuna," akasema. "Waingereza wanakula tu."

Baridi ya Juni ilipoingia akapata kiharusi. Mkono mmoja ukalegea, na Kiingereza kikampotea chote. Akina mama wa kanisa letu walimwogesha na kumbadilishia mashuka kwa zamu. Hilo lazima niliseme, maana hakuna mwingine aliyefanya. Lakini alipoanza kusema maneno asiyoyaelewa mtu, kwa sauti nzito, walifikiri walichozoea kufikiri. Kanisani watu walinena kwa lugha kila Jumapili, na mama shemasi alikuwa na sifa ya kuzipambanua.

"Hii si ya Roho," akasema.

Wakaamua kufunga naye siku tatu, yeye aloweshwe midomo tu.

Siku ya pili, mchana, Mama alinituma nipeleke blanketi. Wanawake wanane walizunguka kitanda, wanapiga makofi na kukemea. Bibi alikuwa akiwatazama mmoja mmoja.

"Kruh," alisema. "Kruh."

"Inakaribia kutoka!" mama shemasi akapaza sauti.

Kwetu mtoto hawakatizi wakubwa wakiomba, atachapwa. Nikalikunja blanketi, nikalikunjua. Nikajiuliza pia, na sioni haya kukiri, kama pepo naye hawezi kuomba mkate.

"Mama shemasi, anaomba mukate."

Makofi yakakoma.

"Weye mutoto umejua aje?"

"Alinifundishaka."

"Na kama ni pepo ndiyo ilikufundisha?"

Mmoja akacheka. Nikakimbia chini, nikarudi na daftari. Mama shemasi akalifungua ukurasa baada ya ukurasa, akatazama mwandiko wangu mbovu na alama nyekundu nilizojiwekea mwenyewe nilipokosea.

"Maji anaita aje?"

"Voda."

Akainama sikioni kwa bibi, akasema polepole, "Voda?"

Bibi akageuza kichwa. Akamtazama kama mtu aliyegongewa mlango baada ya siku nyingi, akainua mkono wake mzima kuelekea kikombe.

Mama shemasi alimnywesha mwenyewe, akatelemka mwenyewe hadi spaza, kiduka cha mtaani, akauloweka mkate katika chai na kumlisha kidogo kidogo mpaka ukaisha. Hakuomba radhi kwa mtu. Ila Jumapili alisimama mbele ya kanisa zima akasema, "Mimi nilikosea," na sijawahi kumsikia mkubwa mwingine akisema hivyo pale.

Bibi alifariki kabla baridi haijaisha. Mama alipenda kusimulia kwamba mimi ndiye niliyemwelewa. Si kweli. Siku zile mbili bibi alisema mengi sana, na mimi nililijua neno moja. Mengine huenda yalikuwa majina ya ndugu zake, au shukrani, au matusi, na tulistahili kutukanwa. Aliyasema mbele yetu sote tisa, na hakuna hata mmoja wetu aliyebaki nayo.