Kosa Langu Alilolibeba Mzee wa Kompyuta

Jumanne, saa kumi na moja kasoro dakika kumi jioni, nilikuwa nikisuuza soksi za shule nyuma ya nyumba mama alipofika kutoka kazini akasema, "Yule mzee wako wa kompyuta ameaga dunia asubuhi. Ni presha." Nikasema "aa," nikaendelea kusuuza. Nyinyi mnaosoma ukurasa wangu katika jarida la shule mnajua mimi si mtu wa kulia mbele ya watu, lakini hata peke yangu machozi hayakuja. Nilizianika soksi, nikazianua zikiwa bado zimelowa, nikazianika tena.

Mama hufagia katika hospitali moja hapa Machakos, na kila likizo nilikuwa nikimngojea katika chumba cha rekodi. Kuna kompyuta moja kubwa ya zamani inayotumikia skrini zote za makarani, zile za herufi za kijani. Mzee ndiye aliyeandika programu zake. Alinifundisha bila kuniulizauliza kama nimeelewa, na mtu mwenye haya hufurahia hilo. Siku moja akanipa kazi ya kweli: karani akibonyeza kitufe, orodha ya vijiji ifunguke juu ya fomu anayojaza. "Kabla ya kufunika kazi ya mtu," alisema, "hifadhi skrini yake kwanza. Akifunga orodha, mrudishie vile alivyoiacha." Nikaitikia, halafu nikasahau kuandika mstari wa programu wa kufanya hivyo. Niliijaribu kwenye fomu tupu, nikamwambia iko sawa. Akaniamini.

Kesho yake karani alikuwa akimwandikisha mama mjamzito kutoka Ndithini, akiuliza kwa sauti kwa sababu ya kelele za foleni. Umezaa wangapi? Wanne. Walio hai? Wawili. Akafungua orodha, akachagua kijiji, na fomu ikarudi tupu. "Pole mama, pole mwaitu, tuanze tena." Foleni sasa ilikuwa imenyamaza. Yule mama akaangalia sakafu. "Wawili," akarudia.

"Mzee, nani ameharibu hii kitu?" karani akauliza. Mimi nilikuwa nimesimama hapo hapo.

"Ni mimi," mzee akajibu.

"Haki macho yako yameisha! Enda nyumbani ulishe kuku."

Watu wakacheka. Baadaye mzee alinionyesha mahali pa kuweka ule mstari. Wiki iliyofuata, kwa ajili ya kosa hilo, mkubwa wa ofisi alimwondoa kwenye programu, akamweka kupanga faili. Nilijiambia nitasema ukweli likizo ijayo. Likizo mbili zimepita.

Kazi yake ilikuwa ya namna hiyo: ikienda vizuri hakuna anayeiona. Karani hufunga orodha, akakuta fomu yake iko, nani atashukuru? Ikiharibika mara moja tu, unaitwa mzee asiyeona. Kama kuna mtu amebeba kosa lako, lichukue akiwa bado anaweza kusikia. Mimi nimechelewa, na bado sijalia.

Jumatano asubuhi nilifuatana na mama, nikamwambia karani, kabla hajafungua dirisha, kwamba kosa lile lilikuwa langu. Akaweka kikombe cha chai chini.

"Na mbona unaniambia mimi? Si ungemwambia yeye."

"Yeye alijua."

Karani akatazama saa. "Mkubwa anaingia saa tatu. Umwambie hivyo hivyo. Mimi sitakusemea."

Nikaketi kwenye benchi ya wagonjwa, nikangoja. Mkubwa alipoingia, nikasimama.