Mlango wa Baba Juu ya Kitambaa

Sesilia ni fundi cherehani pale Lukozi. Sare za shule ndizo zinazomlisha, lakini kazi anayoipenda ni nyingine. Huchukua kitambaa cheupe, akakitandaza juu ya gome la mti au jiwe la kusagia, akakisugua kwa nta ya rangi mpaka alama zake zikatokea. Kisha hukipandanisha na gunia na vipande vya vitenge, na juu yake hushona kwa uzi picha alizochora kwa penseli.

Mwaka juzi kaka yake, Anord, aliamua kuibomoa nyumba ya udongo ya wazazi wao kule Malindi ya milimani, si ile ya pwani, amjengee mama yao ya matofali. Mama, ambaye macho yamekwisha kabisa, alikubali. Sesilia akapiga simu.

"Kaka, mlango usiuguse kwanza. Nataka kuusugulia kitambaa."

"Basi wahi."

Mvua ikakata barabara. Alipofika, nyumba ilikuwa chini, na ule mlango aliouchonga marehemu baba yao ulikuwa umepasuliwa kuni. Sesilia alizipanga mbao chini kama zilivyokuwa; mbili zilikuwa zimeshaingia jikoni. Akapiga magoti kwenye matope, akasugua hadi vidole vikafa ganzi. Anord, uso umemshuka, alimshikia pembe za kitambaa kisipeperuke.

Nyumbani Sesilia aliifuata michongo yote kwa uzi mnene. Penye pengo la zile mbao mbili alishonea kipande cha kanga kuukuu ya mama.

Krismasi alikipeleka kitambaa kwa mama.

"Shikamoo, mama. Nimekuletea kitu."

"Marahaba, mwanangu." Mama akakipapasa taratibu, mstari kwa mstari. "Si mlango wetu huu?" Vidole vikafika kwenye kanga. "Mbona hapa hapana kitu?"

"Hapo nilipachoma mimi, mama," Anord alijibu kabla mdogo wake hajafungua kinywa. "Tulipikia."

"Mlipika nini?"

"Makande ya mafundi."

"Wakashiba?"

"Walishiba."

Mama akacheka mpaka akakohoa.

Anord alileta nyundo na misumari akitundike sebuleni. Mama akakataa katakata. Ukutani yeye atakionaje? Akakikunja, akaenda nacho kitandani. Baridi ya Malindi haina mchezo, na tangu siku hiyo anajifunika nacho. Sesilia kila akija hukuta uzi umefumuka mahali, akakaa ukingoni mwa kitanda na sindano yake, wakipiga soga kwa Kishambaa huku akishona.