Mwendo wa Athene Hadi Kairo

Usiponiamini sitakulaumu, maana hata mchungaji nilipomweleza alinitazama kama mtu anayehitaji kulala. Lakini haya niliyaona mwenyewe, bado kukiwa na mwanga, nikiwa na akili zangu timamu.

Nilikuwa nafundisha jiografia Vudee, milimani juu ya Same. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa: madukani bidhaa zimejaa, sisi walimu tunazitazama tu. Vijana walikata tamaa na kahawa, wakashuka pwani kuzamia meli. Mmoja wao alikuwa Elibariki, mwanafunzi wangu wa zamani, mtoto pekee wa jirani yangu, Mama Elibariki. Tulisikia yuko Ugiriki, anafanya kazi melini.

Siku moja kama saa kumi jioni, wanafunzi wameshaondoka na ukungu unashuka, nilikuwa darasani nasahihisha madaftari. Nikasikia, "Shikamoo, Mwalimu." Kutazama mlangoni, ni Elibariki, amevaa koti zito jeusi, mikono mifukoni. Nikaitikia kwa furaha, nikamkaribisha akae. Akasema amechoka kulala, afadhali asimame. Jibu gani hilo? Lakini wakati ule sikulijali.

Akaniomba nimpimie kwenye atlasi, ni umbali gani kutoka Athene hadi Kairo. Nikaweka rula, nikapiga hesabu: kilomita elfu moja na mia moja hivi, ndege haimalizi saa mbili angani. Akauliza, na kutoka Kairo hadi kwetu? Nikamwambia ni zaidi ya mara tatu ya hapo.

Kisha akasema, "Basi bado ni mbali. Kwa miguu sitafika."

Nikamuuliza, kwa miguu tena, na wewe si umeshafika? Alisema tu, "Kairo nilishushwa, sikupandishwa tena. Sanduku litakalokuja si langu, Mwalimu. Mwambie mama."

Nilidhani analalamikia mizigo iliyopotea. Nikainama kufunga atlasi, na nilipoinua kichwa, mlango mtupu. Nikatoka mbio. Uwanja mzima ulikuwa tope la mvua iliyonyesha baada ya wanafunzi kuondoka, na niamini, hapakuwa na unyayo hata mmoja.

Kesho yake simu ilipigwa Same: Elibariki alianguka melini akafa, mwili uko njiani, unaletwa kwa ndege kutoka Athene kupitia Kairo. Baada ya siku chache jeneza likapandishwa mlimani kwa Landrova, limezibwa kwa bati, na karatasi inayokataza lisifunguliwe.

Ningesema nini? Mama yule alikuwa amelikumbatia, anamwita mwanawe kwa majina ya utotoni. Nikajisemea nitamweleza baadaye. Tulipoanza kutupia udongo, nikamwona Elibariki ng'ambo ya kaburi, katikati ya wanakwaya. Akaniuliza kwa sauti ya chini, na hakuna mwingine aliyegeuka:

"Mwalimu, mnamzika nani?"

Mama Elibariki sasa ni mzee. Kila Jumapili hupalilia maua pale kaburini, kisha hupita kwangu kunishukuru kwa kusimama naye siku ile. Kila mara nakusudia kumwambia, na kila mara namkaribisha chai tu.

Nawe unayenisikiliza, marehemu akikupa ujumbe, ufikishe siku ile ile, hata watu wakuone umerukwa na akili. Mimi nilingoja kidogo tu, mpaka kaburi likafukiwa. Jioni za ukungu bado napigiwa hodi. Nikifungua, hakuna mtu.