Kikombe Kisicho na Vumbi

Mke wangu anasikilizwa na wanaume mia mbili ambao kwao hawaambiliki. Mgodini wanamwita Mama Vikombe, kwa sababu kila baada ya miezi mitatu humpa kila mchimbaji kikombe cha plastiki, kidogo kama kizibo cha chupa, akibane kwenye kofia yake ngumu. Ndani yake mna kipande cha plastiki. Mwamba hutoa gesi iitwayo radoni, haina rangi wala harufu, na mionzi yake huacha alama kwenye kile kipande. Vikombe vikirudi, mke wangu huvichemsha vile vipande kwenye dawa kali mpaka alama ziwe vijishimo, kisha huvihesabu kwa hadubini. Vijishimo vingi maana yake mtu amevuta gesi nyingi. Akiwa kwenye hesabu hiyo hata mimi mumewe sionekani.

Kikombe kilichotunyima raha kilikuwa cha Tindo. Huyu ni mshika drili mkongwe anayeupenda mgodi kuliko kitanda chake. Duru iliyopita kipimo chake kilikaribia kikomo, na sheria ni moja: ukivuka kikomo unatolewa chini, unapewa kazi ya juu. Kwa Tindo kazi ya juu ni kukaa getini kufungua na kufunga. Alishaapa mbele ya wenzake kwamba siku hiyo heri wamzike.

Sasa kipimo kipya kikatoka mara nne ya wenzake, watu anaoshinda nao kwenye njia ile ile, mbele ya feni ile ile. Mke wangu alirudia kuhesabu, akarudia tena, akaja nyumbani amenuna.

"Baba watoto, inawezekana mtu mmoja akavuta gesi ya watu wanne?"

"Labda ana pua kubwa," nikasema.

Hakucheka. Chakula chenyewe alikidonoa tu.

Asubuhi alikitazama kikombe chenyewe, badala ya vijishimo. Kikombe kilichoshinda miezi mitatu mgodini hurudi kimekwaruzika, na tope limeganda kwenye kibanio. Cha Tindo kilikuwa safi kama cha dukani, na kwenye kibanio kulikuwa na uzi mwekundu. Mke wangu si mtu wa hasira, lakini hapo zilimpanda. Akamwita Tindo maabara.

"Mzee wangu, hiki kikombe kimeshuka mgodini lini?"

"Kila siku, Mama Vikombe. Kila siku ya Mungu."

"Na mgodini siku hizi mnashona nguo?"

Tindo akautazama ule uzi. Njia ya mwongo ni fupi, na yake iliishia pale pale. Akakiri kwamba kikombe alikitundika nyumbani, kwenye msumari juu ya cherehani ya mkewe, ili kisome sifuri, naye aachwe chini kwa amani.

Mke wangu aliniambia kwamba alianza kucheka. Mjanja gani huyu, amekificha kikombe nyumbani kikamchongea! Kisha kicheko kikamkauka.

"Hicho chumba cha cherehani kikoje?"

"Kizuri tu. Nilikijenga mwenyewe kwa kuchonga ubavu wa kilima. Ukuta wa nyuma ni mwamba mtupu, kiangazi kina ubaridi mzuri. Dirisha nililipigilia misumari, vumbi lisichafue vitambaa."

"Na mama anakaa humo muda gani?"

Tindo alivua kofia, akaishika mapajani.

"Kutwa," akasema. "Miaka kumi na minane."

Mchana huo niliwapeleka kwa gari letu bovu. Mke wa Tindo alikuwa kwenye cherehani, futi ya kupimia shingoni, shati jekundu la sare mikononi. Alipotuona akaweka mkasi chini.

"Amefanya nini tena huyu?"

Tindo mwenyewe alimweleza habari ya kikombe na ya gesi inayotoka ukutani, bila kupunguza neno. Nilitegemea kelele. Mama yule alimsikiliza hadi mwisho, akautazama ukuta wa mwamba, akasema, "Kikulacho ki nguoni mwako. Na mimi nguo ndiyo kazi yangu." Alicheka, lakini mkono wake uliushika mkono wa mumewe. Niliwahurumia wote wawili.

Daktari alimpima mama yule kifua, akakikuta salama. Tindo naye, kwa kuwa kipimo chake hakikujulikana, aliwekwa getini miezi mitatu. Hakugomba. Jioni alikuwa akirudi nyumbani na tindo na nyundo, akatoboa kuta mbili za pembeni, akatia madirisha makubwa yanayotazamana. Sakafu aliiziba nyufa zote. Cherehani ikahamia ukumbini. Mkewe akapewa kikombe chake, akawa anakibana kifuani kila siku, na wateja wakadhani ni pambo.

Siku ya majibu nilikuwa maabara, nimempelekea mke wangu miwani aliyoisahau. Tindo alikuja na shati la pasi. Mezani palikuwa na vikombe viwili, cha mkewe na chake, maana na yeye alipewa kimoja huko getini. Kama chake kingesoma vizuri, angerudi kwenye drili Jumatatu.

Mke wangu akachukua cha Tindo.

"Hapana, dada yangu," Tindo akasema. "Anza na cha mke wangu. Changu hata kesho."

Akahesabu. Tulisimama kama wanafunzi waliochelewa. Mwishowe akainua kichwa, macho yamemlowa, akasema kimeshuka hadi karibu na sifuri.

Tindo akakaa chini, akalia. Kisha akavaa kofia akaenda kumwambia mkewe, na chake akakisahau mezani.