Msimu Wangu wa Benchi

Nilikuwa mchezaji wa kulipwa kwa miezi mitano kabla sijacheza mechi hata moja ya ligi. Sisemi kwa utani. Jina langu lilikuwa kwenye orodha ya timu, jezi ilikuwa na namba yangu, posho nilipokea kama wenzangu, na chumba nilichopewa pale Biharamulo mjini kilikuwa na kitanda na dirisha linalofunguka. Kitu kimoja tu sikuwa nacho, nacho ni dakika. Mechi ya mpira wa kikapu ina dakika arobaini, na katika hizo arobaini mimi sikupata hata moja ya kuonjea.

Nilitokea Nyakisasa, kule Ngara, kwenye mpira wa pete. Kwetu msichana mrefu akishaonekana shuleni, hata kabla hajajua kuandika vizuri, tayari amekwishasimamishwa chini ya pete. Kikapu hatukuwa nacho. Nilikiona kwa macho yangu mara ya kwanza nikiwa na miaka kumi na tisa. Kocha alinikuta kwenye mashindano ya pete Ngara mjini, akautazama urefu wangu, akaitazama mikono yangu, akaniuliza kama niko tayari kujifunza mchezo mwingine na kulipwa. Nani angekataa? Mama alichinja kuku, na majirani wakaja kunipa mkono kama bibi harusi.

Makubaliano yalikuwa ya msimu mmoja. Kocha hakunificha: msimu ukiisha angetazama nani amecheza na nani hakucheza, na asiyecheza angerudi kwao, kwa sababu mfadhili hawezi kulisha watu wa kukaa. Nilimjibu, "Sawa, mwalimu," kwa sauti ya mtu ambaye hajui anachokubali.

Mtu aliyecheza mpira wa pete miaka kumi ana sheria zake miguuni, hazipo kichwani. Ukidaka mpira, unasimama. Hutembei nao, huudundi ukakimbia nao. Unamtafuta mwenzako, unampa. Na mpinzani mwenye mpira humsogelei. Unakaa futi tatu mbali naye, unanyoosha mikono juu, unamwomba Mungu mpinzani akose. Sheria hizo zilinifanya malkia Nyakisasa. Biharamulo zilinifanya kichekesho.

Kabla ya msimu tulicheza mechi moja ya kirafiki, na kocha akaniingiza ili anipime. Mpira wa kwanza nilioupata nilisimama nao wima, miguu imeota mizizi, nikitafuta wa kumpa. Mpinzani alikuja akauchukua mikononi mwangu taratibu, kama mtu anayempokea mgeni mzigo. Sekunde chache baadaye yeye ndiye alikuwa na mpira mbele yangu, nami nikarudi nyuma futi tatu, nikanyoosha mikono. Alinishangaa kwanza. Kisha akalenga bila haraka, akafunga. Tukarudia mambo hayo hayo mara tatu. Kijana mmoja kwenye uzio akapiga kelele, "Dada, msogelee, hana upele!" Uwanja mzima ukacheka, na kocha akanitoa. Msimu ulipoanza nilikuwa mwisho wa benchi, karibu na ndoo ya maji.

Benchi nalo lina kazi zake. Nilijaza chupa, nikakunja taulo, nikapiga makofi mpaka viganja vikawasha. Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo, na langu liliuma kweli kila refa alipopuliza filimbi ya kuanza. Mimi si mpole. Niliyemchukia zaidi ni dada aliyecheza nafasi yangu, mwanamke aliyenizidi miaka kama kumi, Msukuma ambaye wazazi wake walihama Shinyanga na mifugo yao wakaja kukaa Nyantakara. Mabega mapana, maneno machache, pumzi haimwishi. Nilimwombea mabaya, nakiri. Sikuomba avunjike mguu. Niliomba mafua tu, ya siku mbili tatu.

Mama alinipigia simu kila Jumapili akitoka kanisani. Jumapili ya kwanza aliniuliza kama nimecheza, nikamjibu, "Kidogo, mama." Iliyofuata nikasema nimecheza sana. Mwezi wa tatu ulipofika nilikuwa nimefunga pointi ambazo sidhani kama kuna mwanamke amewahi kuzifunga Kagera nzima. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema, lakini yangu ilizidi kunyooka, na kila Jumapili mama alinijibu kwa furaha ile ile, nami nikaona aibu kidogo na njaa ya kuongeza pointi nyingine.

Jumapili moja yule dada alipita nyuma ya chumba akanisikia. Alingoja nikate simu.

"Kwa hiyo jana umefunga kumi na nne," alisema. "Mbona mimi nilikuwepo na sikukuona?"

Nikawaka. Nilimwambia yeye atajua nini, anacheza dakika zote, anakula yeye na chombo anabaki nacho yeye. Nilisema mengine pia ambayo mtu mdogo hamwambii mkubwa. Nilipomaliza nilikuwa nalia kwa hasira, kamasi zinashuka. Hakukasirika. Alinitazama kama anatafuta mahali pa kuanzia.

"Jumamosi hatuna mechi," akasema. "Twende kwetu. Ulete nguo ya kuchafua."

Kwao Nyantakara tulifika Ijumaa jioni, na asubuhi, kabla hata ya chai, alinipeleka zizini. Mama yake alikuwa amekwishachuchumaa na kibuyu chake. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua kichwa, maana ng'ombe hangoji salamu. Kazi ile inakwenda hivi: ndama anaachiwa anyonye kidogo ili mama yake ateremshe maziwa, halafu anaondolewa, na mtu mmoja anamzuia asirudi mpaka ng'ombe amalize kukamuliwa. Mtu huyo siku hiyo nilikuwa mimi.

Ndama wa kwanza nilimkabili kama nilivyofundishwa maishani. Nikasimama futi tatu, nikanyoosha mikono. Akapita chini ya kwapa langu akaenda kunyonya. Nikamvuta, nikasimama tena, akapita upande wa pili.

"Unamzuia au unampungia?" dada akaniuliza.

Mama yake alicheka mpaka kibuyu kikayumba. Dada akaingia mwenyewe, akanionyesha. Alikaa karibu na ndama kiasi kwamba goti lake liligusa ubavu wa mnyama, kiuno kimeshuka, miguu inakwenda pembeni kwa hatua fupi bila kupishana. "Usitazame macho yake, macho yanadanganya," alisema. "Tazama bega. Bega likienda, na yeye ndiko anakokwenda. Na wewe uwe umefika."

Ndama hajui futi tatu, wala hana refa. Wa pili akanipita, wa tatu akanipita baada ya kuhangaika. Wa nne alinisukuma nikakalia kinyesi, nikainuka na hasira zangu zote, nikamwekea kifua, na kila bega lake lilipokwenda nikawa nimefika. Alilia, akanipangusia makamasi kwenye sketi, na hakupita. Niliposikia dada anasema, "Basi, mwachie," niligundua kuwa ng'ombe alikuwa amemaliza kukamuliwa kitambo.

Tulikwenda Nyantakara mara nne. Siku za mazoezi nilimkaba yeye mwenyewe, nikanusa jasho lake, nikapigwa viwiko, nikaanguka, nikainuka. Nilimuuliza kwa nini ananisaidia wakati mimi ndiye ninayeitaka nafasi yake. Alisema goti lake linajua miaka yake kuliko yeye, na amechoka kutazama benchi na kuona hakuna wa kumpokea. Kocha alituona tukikabana, akaandika kitu kwenye daftari lake. Mechi zikaendelea kuisha, nami bado naijaza ndoo.

Ikafika mechi ya mwisho ya nyumbani. Katikati ya robo ya pili nilikuwa nakunja taulo nikainua macho, na mama yangu alikuwa amesimama kwenye uzio. Amevaa kitenge chake cha kanisani, miguuni ana kiroba cha ndizi. Hakuniambia anakuja. Kutoka Nyakisasa mtu anapanda pikipiki, anapanda gari, anabadilisha tena Lusahunga. Si safari ya kutembelea tu. Akanipungia mkono. Nilitamani ardhi ipasuke, maana mchezaji aliyefunga pointi zote zile kwenye simu alikuwa amekaa na taulo mapajani.

Wakati wa mapumziko nilimwendea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekaa?"

"Goti," nikasema. "Linauma kidogo. Mwalimu ananipumzisha."

Alilitazama goti langu, akanitazama usoni. "Pole," akasema. "Basi kaa, usililazimishe." Nikarudi benchi nikijichukia kuliko nilivyowahi kumchukia mtu yeyote.

Robo ya nne, zikiwa zimebaki dakika sita, dada alipuliziwa faulo ya tano, na kwa sheria za kikapu hapo mchezo umekwisha kwako. Tulikuwa mbele kwa pointi moja. Kocha akaligeukia benchi. Macho yake yakanipita, yakafika kwenye ndoo ya maji, yakarudi, yakanipita tena. Dada alikuwa anatoka uwanjani huku anachechemea, na alipofika kwa kocha alisema neno moja tu, "Yule," akanionyesha kwa kidevu.

Nikaingia. Nilipewa kumkaba nahodha wao, msichana mwepesi aliyekuwa ametusumbua mchana kutwa. Mara ya kwanza alipopata mpira miguu yangu ilianza kurudi nyuma, naapa niliisikia ikirudi. Nikaizuia. Nikaingia karibu mpaka pumzi yake ikanigusa shingoni, nikaacha macho yake, nikatazama bega. Bega likaenda kushoto, nami nikawa nimefika. Likarudi kulia, nikawa nimefika. Alikosa pa kupita, akarusha mpira ovyo ukatoka nje. Kutoka kwenye uzio nikasikia sauti ya mama kwa Kihangaza cha kwetu, ikizidi kelele za uwanja wote, ikiniamuru nisimwachie, nimbane, nimbane hapo hapo. Sikujua kama mama anaujua mpira kiasi hicho.

Sikufunga pointi hata moja. Nilipoteza mpira mara mbili, na mara moja nilisimama nao wima kama zamani. Lakini yule nahodha kwa dakika sita zile alifunga kikapu kimoja tu, na tukashinda kwa pointi tatu. Kocha alinipita akiwa anakusanya mipira, akasema, "Msimu ujao uje na viatu vizuri kuliko hivyo." Nilikwenda nyuma ya choo cha uwanja nikalia mpaka nikapata kwikwi.

Asubuhi nilimsindikiza mama stendi. Tulikuwa tumekaa tukingoja gari lijae. Nikamwambia. Nikamwambia goti haliumi, halijawahi kuuma, na pointi zote za Jumapili zilikuwa za mdomoni. Jana ndiyo mara yangu ya kwanza.

"Najua," akasema.

"Nani kakwambia?"

"Nilikuja." Alikuwa anafunga vizuri fundo la kitenge, hanitazami. "Mwezi wako wa pili huku. Nilitaka nikushtukize. Nikasimama nyuma ya watu pale pale kwenye uzio. Ulikuwa umekaa mwisho kabisa, umeshika ndoo. Nikasema labda watakuita baadaye, nikangoja mpaka mechi ikaisha. Hawakukuita."

"Mama, kwa nini hukuniita wewe?"

"Ningekuita ungenitazamaje?"

Ndizi alizoniletea siku ile, alisema, alimpa mwanamke auzaye chai pale stendi, ili asirudi nazo nyumbani watu wakamuuliza. Kisha akapanda gari la jioni.

Siku hiyo naikumbuka. Jioni ile sikungoja Jumapili, nilimpigia mimi mwenyewe. Nilimwambia leo ilikuwa kazi, mama, nimefunga kumi na nane, watu wamenibeba juu. Nyuma yake kulikuwa na muungurumo kama wa injini, sikuuliza ni wa nini. Akasema, "Hongera, mwanangu. Umekula?"